Uji wa Mchimba Udongo

Mtaani Maringo, Nairobi, miaka ile, hata chumvi ilipatanwa bei. Mtu alikuwa radhi kusimama juani nusu saa kwa ajili ya senti hamsini, wala si kwa uchoyo. Ukilipa bei ya kwanza, muuzaji mwenyewe anakuona mshamba. Ndiyo maana Kezia mfinyanzi alishangaa Jumatatu ile, jirani yake Mama Bedan aliposimama mlangoni pake, akaambiwa chungu kidogo ni shilingi ishirini, akafungua fundo la leso, akatoa noti na kumwekea kiganjani bila neno. Kezia alishangaa, kisha akafurahi, na mtu akifurahi haulizi maswali.

"Nataka nyungu kadogo," alisema Mama Bedan. "Ya mtu mmoja. Usiiweke maua. Na ikitoka kwa moto usiipikie kitu. Nipewe vile iko."

"Bila nakshi, Mama Bedan? Itakaa uchi."

"Wacha ikae."

Aliugeukia mlango kama anayeondoka, halafu akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye lundo la udongo lililofunikwa gunia bichi pembeni mwa baraza.

"Huu udongo siku hizi unatoka wapi?"

Kezia alisita. Udongo huo ulikuwa ukiletwa na Bedan, mwana wa pekee wa mama huyu, kwa mkokoteni wake, na ilikuwa miezi minane sasa tangu mama na mwana wasemezane. "Unatoka Dandora," alijibu. "Kule chini kwenye mto, wanakochimba misingi ya nyumba."

Bibi yule alilitazama lundo kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi. "Basi ni huo," alisema. "Huo huo wa Dandora. Jumamosi ya wiki kesho, nikitoka mkutano wa kina mama, nitapitia."

Jina lake hasa lilikuwa Wakiuru, lakini mtaani alikuwa Mama Bedan, na jina hilo la mwanawe alilibeba hata sasa ambapo hakutaka kulisikia likitajwa. Kisa chenyewe kila mtu alikijua. Alikuwa ameuza viazi soko la Gikomba miaka saba, mvua na jua, akaweka akiba, wakapata ploti Dandora wakati watu walipokuwa wakigawiwa. Karatasi iliandikwa jina la Bedan kwa sababu mama hajui kusoma, na Bedan akaiuza. Aliiuza bila kumwambia mtu, akaingia biashara ya makaa na rafiki mmoja mwenye lori, na yule rafiki akaondoka na lori, makaa na fedha. Aliyebaki ni Bedan na aibu yake. Kutoka siku hiyo hakukanyaga mlango wa mamake.

*

Kezia alikuwa na tabia moja ambayo mumewe aliizoea. Akianza kufinyanga, anaondoka. Mikono inabaki Maringo, kwenye baraza ya nyumba ya vyumba viwili yenye namba ya chaki ya watu wa sensa mlangoni, ikizungusha kamba ya udongo juu ya kamba nyingine; lakini mwenyewe hayupo. Amekwenda kwao Nyakach, chini ya kilima, ambako mamake ameketi miguu imenyooka, chungu kikubwa katikati ya magoti, nyasi zinanuka mvua, na hakuna aliye na haraka. Alikaa huko saa nzima wakati mwingine. Maharagwe yaliungua. Redio ilisema habari na kuimba na kusema habari tena, naye hasikii.

"Umeshafika?" mumewe, Phares Odero, alikuwa akimuuliza atokapo kazini jioni na kumkuta vivyo hivyo. "Wasalimu."

"Wanakusalimu pia," alijibu Kezia, akicheka, akirudi polepole.

Phares alikuwa karani wa stoo kwenye reli, mtu wa kola nyeupe na kalamu mbili mfukoni, na tena shemasi kanisani. Hakumkataza mkewe kazi yake. Karo ya binti yao Apondi huko bwenini ilitoka kwenye vyungu, naye alilijua hilo. Lakini wageni wakibisha hodi alisema kwa sauti ya chini, "Mikono, nyar Nyakach," akimwita binti wa Nyakach kwa lugha yao, na Kezia akakimbia kunawa. Na kanisani, siku ya chai, mama mmoja alimpokonya birika kwa upole mkubwa: "Wewe keti, dada. Sisi tutamimina." Alisema hivyo akimwangalia kucha. Kezia aliketi. Ladha ya chai ile aliikumbuka kwa miezi.

Kachungu ka Mama Bedan alikafinyanga Jumanne. Aliutwanga udongo wa Dandora pamoja na unga wa vigae vya zamani ili usipasuke, akaupiga, akaukanda, akaketi nao mkekani. Udongo ule ulikuwa mtiifu. Ulipanda wenyewe, ukatanuka tumbo, ukajikunja shingo, naye alipoulainisha kwa kokoto ya mtoni alihisi anakisugua kichwa cha mtoto aliyetoka kuoga. Alikiweka kivulini kikauke. Kati ya vyungu kumi na vinne vya wiki ile, hicho cha bila nakshi ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote, na alikiwaza hata kitandani.

Siku mbili baadaye mkokoteni ulilia nje. Bedan aliingia amebeba gunia begani, mtu mkubwa wa miaka thelathini, shati limelowa.

"Sasa, mathe."

"Poa, mwanangu. Tua hapo. Uko mzima?"

"Niko tu." Alilitua gunia, akajipangusa, kisha akanyoosha kidevu upande wa nyumba ya tatu, ya mamake, bila kuitazama. "Huko je? Ni mzima?"

"Ni hatua ishirini. Si uende umuulize?"

"Nikifika nimwambie nini? Ati chapaa ilienda? Hiyo anajua."

"Mwambie hujambo, inatosha."

"Wacha nipate kitu ya kushika, Mama Apondi. Mtu haendi kwa mamake mikono mitupu. Wiki hii kukiwa na mzigo mzuri pale soko, nitaenda." Alikuwa amesema hivyo wiki iliyopita, na iliyotangulia pia. Macho yake yalizunguka barazani yakatua kwenye kachungu kale. Akachutama, akakapitishia kidole tumboni, taratibu, kwa kidole kilichochubuka kwa sepetu. "Hii kadogo ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Ni kazuri. Huu ni udongo yangu?"

"Ni wako."

Bedan alitabasamu, jambo ambalo Kezia hakuwa ameliona siku nyingi. "Kumbe kuna kitu mimi natoa Dandora," alisema.

*

Mahali pa kuchomea vyungu palikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Bedan, kwenye kiwanja kidogo alikowahi kupanda mboga ya sukuma wiki. Hapo tu. Kwingine kote mtaani palikuwa na kamba za nguo, na nguo na moshi ni maadui. Alhamisi ya wiki iliyofuata Kezia alipanga vyungu, akavizungushia matawi makavu na maranda ya maseremala wa Gikomba, akawasha. Moshi ulipoanza kutembea, jirani mmoja, Nthenya, alitoka na shuka mkononi.

"Mama Apondi! Kila wiki? Mimi nifue mara ngapi?"

Kabla Kezia hajaomba msamaha, mlango wa Mama Bedan ulifunguka. "Nthenya," alisema bibi yule, "moshi ya nyungu haijaua mtu. Wewe unawasha jiko na mpira ya gari, na sisi tunanyamaza. Anika hiyo nguo upande ule."

Nthenya alianika upande ule. Mama Bedan alikuwa ameishi safu ile kabla ya wote, na neno lake lilikuwa ukuta ambao kazi ya Kezia ilikuwa imeuegemea miaka mitano. Siku ukuta huo ukiondoka, mkaguzi wa nyumba ataitwa, na vyungu vitakwisha. Kezia alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

Bibi yule alileta kigoda, akaketi mbele ya moto mchana kutwa. Moto ulipotulia na vyungu vikaanza kuonekana, vyekundu ndani ya majivu meupe, alikuwa akikitazama kimoja tu. Joto lilizitetemesha kuta za nyumba za mbele, na kwa mbali mabehewa ya reli yaligongana, na Kezia aliona kana kwamba wao wawili wamekaa hapo tangu zamani, kabla ya mji. Alimpenda sana Mama Bedan jioni ile. Alidhani bibi yule anakipenda chungu.

*

"Kachungu ka nani hako?" aliuliza Phares wakila. Wakiwa peke yao walizungumza lugha yao ya nyumbani, na sauti zao zililegea. Kachungu kalikuwa mezani karibu na taa, wekundu wake una wingu jeusi upande mmoja, pale mwali ulipolamba.

"Ka Mama Bedan. Alilipa ishirini papo hapo. Hakupatana bei."

"Hakupatana?"

"Hata kukigonga kusikia mlio hakutaka. Alisema kisiwe na nakshi, na kisipikiwe. Alitaka cha udongo wa Dandora."

Phares aliacha kutafuna. Alikitazama chungu, akamtazama mkewe, kisha akaisogeza sahani yake taratibu mpaka ukingo wa pili wa meza.

"Nini?" aliuliza Kezia.

"Irungu, yule wa pale stoo, kabila moja na Mama Bedan, aliwahi kunisimulia. Kwao mzazi akishindwa na mtoto kabisa, anatafuta chungu kipya. Kipya kweli, ambacho hakijamlisha mtu. Anakiinua, anataja jina, anasema alivyotendewa. Halafu anakivunja chini." Phares alishusha sauti ingawa hapakuwa na wa kusikia. "Anayetajwa haponi. Atazunguka hivi duniani bila nyumba, bila mke, kila akishikacho kinavunjika. Na hakipatanwi bei, kwa sababu jambo lile halipatanwi."

Kezia alikumbuka kidole kilichochubuka kikipita tumboni mwa chungu.

"Alichimba mwenyewe," alisema mwishowe. "Odero, udongo alichimba mwenyewe. Akaubeba begani. Akaniambia ni kazuri."

"Sisi ni Wakristo. Hatuyaamini hayo."

"Basi mbona umehamisha sahani?"

Phares alipangusa mdomo. "Sikiliza, nyar Nyakach. Huyo mama ndiye anayekulindia moto. Akikukasirikia leo, kesho mkaguzi yuko mlangoni. Ya mtu na mwanawe si yetu. Amelipa, mpe chungu chake, ukae kimya. Wewe ni mfinyanzi tu."

"Mfinyanzi hulia gaeni," alisema Kezia.

"Eeh. Na gae lenyewe ndilo linalomsomesha Apondi."

*

Ijumaa asubuhi Kezia alijaribu kusema uongo, na uongo haukuwa fani yake. Alimkuta Mama Bedan akichambua mchele mlangoni.

"Mama Bedan, samahani sana. Kile chungu kimepasuka. Nimekuletea pesa yako."

Bibi yule hakuinua macho. "Kilipasuka lini? Mimi nilikuwa hapo. Nilikiona kikitoka."

Noti ilibaki mkononi mwa Kezia. Nthenya, aliyekuwa akipita na ndoo, alipunguza mwendo ili asikie.

"Mama Apondi," alisema Mama Bedan, "mimi nimekaa na wewe vizuri ama vibaya?"

"Vizuri."

"Moto yako ni nani anachunga?"

"Ni wewe."

"Nimekulipa ama sijakulipa?"

"Umenilipa. Lakini, Mama Bedan..." Kezia aliangalia huku na huku, akainama. "Ni mtoto wako."

Vidole vya bibi yule vilisimama juu ya mchele. "Ni mtoto wangu," alisema. "Ndiyo sababu. Wa mtu mwingine ningempeleka polisi." Sauti yake ilivunjika kidogo mwishoni, akaiokota haraka. "Miezi minane. Hata kuja kunidanganya hajakuja. Nikisikia mkokoteni ikipita nafikiri ni leo. Inapita. Sasa nimechoka kusikiliza mkokoteni. Kesho nakuja kuchukua kitu yangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kezia alirudi kwake, akaifungua noti ile iliyokunjika ngumini, akaikunja tena.

Mchana huo aliketi na udongo mpya mapajani, kwa sababu hakujua pengine pa kuipeleka mikono. Akaondoka. Safari hii hakukuta mvua Nyakach. Ilikuwa jua kali, siku ya kufungua tanuri la nyasi, na yeye ni msichana wa miaka tisa. Mamake anachagua chungu cha kwanza kilichopoa, anakipuliza majivu, anamimina maji na unga wa mtama. Watoto wamejipanga wanasubiri uji. Mamake anawafukuza kwa mwiko. Anaita, sauti inakwenda mbali bondeni: "Yuko wapi aliyechimba? Aje!" Na mjomba mmoja mrefu anapanda polepole kutoka mtoni, magoti yana matope, anaketi chini na kula peke yake huku wote wakimtazama. Uji wa kwanza ni wa mchimba udongo. Ndipo chungu kinakuwa chungu. Kabla ya hapo ni udongo uliochomwa tu, na maji hayakai humo.

Kezia alifungua macho. Tangu aje Nairobi hakuwahi kuifanya desturi ile hata mara moja. Mjini mchimbaji analipwa, anakwenda zake. Vyungu alivipika uji, ndiyo, kuziba vitundu ili visivuje, akaula yeye mwenyewe au akaumwaga. Alikuwa amemsahau wa kuitwa.

"Umeshafika?" aliuliza Phares jioni, akitundika koti.

Kezia hakucheka. "Nimefika," alisema. "Nimetumwa."

*

Jumamosi asubuhi jua lilikuwa la unga, jepesi, na mtaa mzima ulinuka sabuni. Phares alimwona mkewe akikiweka kachungu ka Mama Bedan jikoni juu ya makaa. Alitazama ule mgongo ulioinama, akachukua gazeti na kwenda kuketi nje mlangoni, pale ambapo mtu akija atakutana naye kwanza. Hakuwahi kumpenda zaidi ya hapo.

Mkokoteni ulilia saa nne.

"Tua hapo, Bedan," alisema Kezia. "Nawa mikono. Keti."

"Nina mzigo ya watu, mathe."

"Watu watangoja. Kwetu mtu akichimba udongo hulishwa uji wa kwanza wa chungu. Nimekukosea miezi yote hii. Keti, nisije nikalaaniwa na mamangu."

Bedan aliketi kwenye mkeka, magoti juu, kwa aibu ya mtu mkubwa anayehudumiwa. Kezia alikishika chungu kwa majani ya mgomba, akamwekea mbele, akampa kijiko. Uji ulikuwa mzito, mweusi kidogo, unatoa mvuke.

"Ni kale kazuri," alisema Bedan. "Si ni ya mteja?"

"Kula."

Alikula. Mwanzoni kwa adabu, kijiko kwa kijiko; halafu njaa ikamshinda adabu, njaa ya mtu anayelala kwa marafiki na kula anachopewa, na akainama juu ya chungu kabisa. Kijiko kilipokuwa hakifiki chini alitumia kidole. Kezia aliona bega lake likitikisika mara moja.

"Umeungua?"

"Hapana." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Inanuka kama kwa mathe wangu. Moshi ndani ya uji. Siku hizi kila mtu anapika na sufuria."

Bedan alipoondoka, Kezia hakukiosha chungu. Alikiweka barazani mahali pake, akaketi kando yake, akangoja. Akilini alikiona kiwanja cha nyuma kimekuwa majani, na Apondi amerudishwa kutoka shule na sanduku lake la bati, na yeye mwenyewe amekuwa mama mwenye kucha safi anayemimina chai.

Mama Bedan alikuja saa nane na kitambaa cha kanisani bado kichwani, Biblia kwapani. Phares alisimama. Bibi yule alimsalimu, akampita.

"Iko wapi?"

Kezia alikiinua kwa mikono miwili. Mama Bedan alikipokea, na mara uso wake ukabadilika. Kilinuka uji. Alikisogeza puani, akatazama ndani. Kuta za ndani zilikuwa na weusi wa uji, na chini kabisa mistari mitatu, minne, ya kidole kilichofuta.

"Nilikwambia usiipikie."

"Uliniambia."

"Nikakulipa ndio usiipikie."

"Ndiyo, Mama Bedan. Lakini mamangu alinifunza, na hilo siwezi kuliuza. Uji wa kwanza ni wa mchimba udongo. Nilimwita, akaja, akala."

Phares alikuwa ameshika gazeti mbele ya kifua kama mtu anayetarajia mvua. Huko nje watoto waliimba wakiruka kamba, na hesabu yao ilifika ishirini, thelathini, ikaanza upya.

"Ni nani alichimba?" aliuliza Mama Bedan, ingawa alijua.

"Unamjua."

Bibi yule aliendelea kutazama ndani ya chungu. Mdomo wake ulikuwa unatafuta neno la kumpiga nalo Kezia, na Kezia alikuwa amejitayarisha kulipokea. Lilipotoka halikuwa hilo.

"Uliweka sukari?"

"Sikuwa nayo."

"Bedan hakuli uji bila sukari. Tangu akiwa mdogo. Anatema."

"Hakutema. Aliramba, kama unavyoona."

"Amekonda?"

"Amekonda," alisema Kezia.

Mama Bedan alikifunika chungu kwa leso, akakikumbatia pamoja na Biblia, akatoka bila kuaga. Walimsikia akifungua mlango wake, wakamsikia akiufunga, kwa komeo.

"Sasa je?" alinong'ona Phares.

"Sijui."

Ilikuwa alasiri ndefu kuliko zote walizowahi kukaa Maringo. Kezia aliushika udongo lakini hakwenda Nyakach wala popote; alibaki hapo, masikio yamesimama, akingoja mlio wa chungu kinachovunjika, mlio anaoujua kuliko mtu yeyote mtaani. Sufuria ikianguka safu ya pili, alishtuka. Dirisha likigongwa na upepo, alishtuka. Phares alikuwa akisoma ukurasa uleule. Jua lilishuka likapaka kuta rangi ya vyungu, moshi wa majiko ukaanza kulala juu ya mapaa, na kila kitu kikawa polepole na mbali, hata sauti za watoto.

Kisha mlango wa tatu ukafunguka kwa kishindo.

"Mama Apondi!" Mama Bedan alikuwa amesimama nje, leso kiunoni, na sauti yake ilisikika mpaka kwa Nthenya, ambaye alitoka mara moja na kuegemea nguzo. "Mama Apondi, wewe ni fundi gani? Hii nyungu yako inavuja!"

Kezia alisimama. Ilimchukua muda kulielewa neno hilo. Chungu kilichovunjika hakivuji.

"Inavuja?"

"Inazima moto yangu! Nimetia maji mara mbili!"

"Uji mmoja hautoshi kukiziba," alisema Kezia, na alisikia sauti yake ikipanda na kutetemeka. "Kipikie tena, Mama Bedan. Kipikie mara mbili, tatu. Uwe mzito. Kitashika."

"Mara tatu! Na mimi mtu mmoja nitamaliza aje uji mara tatu?"

Phares, kule mlangoni, alishusha gazeti.

Mama Bedan aliziangalia nguo kwenye kamba, akaiangalia njia inayotoka sokoni, akaifunga leso ambayo ilikuwa imefungwa tayari. "Huyo mtu wako wa udongo," alisema, sasa kwa sauti ya kawaida, "mwambie kuna uji. Mwambie mimi sina sukari. Aje na yake."

"Nitamwambia."

"Robo inatosha. Asiende kukopa."

Kezia alikuwa ameshashuka barazani. Phares alimwita, "Mikono, nyar Nyakach! Hujanawa mikono!" lakini alikuwa anacheka, na hakutarajia kusikilizwa. Mkewe alipita mbele ya Nthenya, mbele ya wanawake waliokaa milangoni wakichambua mboga, matope yamemfika viwikoni, akaelekea sokoni Gikomba kumtafuta Bedan kabla mikokoteni haijatawanyika.